Dubu Aliyeuziba Mkono wa Mto

Mto mmoja mdogo wa msitu wa kaskazini ulikuwa na mikono miwili: mpana wa Dubu na mwembamba wa Fisi-maji. Desturi ilikuwa kwamba mwenye mkono unaoulisha mto huvua wa kwanza.

“Subiri, bibie,” alisema Dubu. “Maji haya ni yangu.”

“Mzee, watoto wangu wana njaa. Tena maji ya kwako yamesimama.”

“Yamesimama? Nitayaziba, tuone watakula nini!”

Akauziba mkono wake kwa magogo, pale unapokutana na mto. Siku ya tatu mto ulikuwa vilevile, lakini mkono wa Dubu ulikuwa tope tupu. Kumbe mto ndio uliokuwa ukiujaza.

Dubu akaja kuvua, kichwa chini. “Nisimame wapi, mama?”

“Nyuma ya watoto.”