Viroboto Arobaini

Sheria inataka kila nyumba iwe na zulia, na kila zulia liwe na viroboto arobaini wa ofisi ya Afya. Wananyonya damu yetu, na ofisi inasoma humo nani mzima na nani mgonjwa. Sikubisha, mpaka miguu ya mjukuu wangu Tunu, mwenye miaka miwili, ilipovimba kwa kujikuna.

Basi nikawamaliza. Nilisugua zulia kwa chumvi ya unga mpaka kwenye mashina ya nyuzi, nikaiacha siku mbili, nikaifagia, nikalianika zulia kwenye jua kali, na sakafu nikaimwagia maji ya moto yaliyochemshwa na mwarobaini. Ndivyo mama yangu alivyofanya, wala hakuomba kibali.

Siku ya tatu akaja Bwana Mkude wa Afya, kashika chupa.

"Shikamoo, bibi. Nyumba yako imenyamaza."

"Marahaba. Imepumzika. Hao wadudu wako kawafuge kwa mama yako."

"Anao, na ananitukana kama wewe."

"Ana akili. Mtoto mdogo ang'atwe kwa amri, na wewe chai inakushuka?"

Hakucheka. "Bibi, kabla hujawaua walileta habari ya damu ya Tunu. Si nzuri. Ila wameisoma mara moja tu, na wasipoisoma tena, hospitali haitampokea."

Nilimkazia macho mpaka akatazama chini. Kisha nikalitandika zulia langu, bado linanukia jua, naye akafungua chupa. Nikamvua Tunu soksi, nikamketisha katikati.