Upanga wa Bomba la Maji

"Zima takataka hiyo," fundi bomba alimfokea binti yake mlangoni, spana mkononi. "Bomba langu ni la maji, si la panga za kuchezea."

Binti hakuinua macho wala kuzima chuma cha kuchomelea. Alichomelea waya wa mwisho kwenye saketi ya bei chee ya kunasa na kutoa sauti, moshi ukimpanda puani, kisha akaisukuma ndani ya bomba la plastiki linalopitisha mwanga, pamoja na utepe wa taa.

"Hunisikii?"

"Nakusikia kila siku, baba."

Akasimama, akamwelekezea upanga kifuani, akabonyeza swichi. Bomba zima likawaka rangi nyekundu. Spika ndogo ikakoroma, ikakohoa, kisha ikanguruma kwa sauti ya fundi mwenyewe:

"Zima takataka hiyo."

Baba akafungua kinywa kujibu, akakuta maneno yake yameshasemwa.