Tausi na Mlio wa Bibi Kanga

Ndege wote wa bonde lile walirithi mlio wao wa hatari kwa Bibi Kanga. Kila kifaranga alipelekwa kwake kufundishwa, na alivyolia bibi ndivyo walivyolia wote: "Kraa! Kraa!"

Tausi aliuonea haya. "Bibi, mimi na manyoya yote haya, nikifungua mdomo natoa sauti ya mlango wenye kutu! Hebu ulainishe kidogo."

"Si wako peke yako, mjukuu wangu. Nikiubadili, umebadilika kwa wote."

"Si ndiyo vizuri? Watanishukuru."

Akamsumbua mpaka bibi akachoka. Mlio ukatungwa upya, mtamu kama wa kubembelezea mtoto, na ndege wote wakafundishwa.

Mwewe alipotokea, Bata ndiye aliyemwona kwanza. Akalia kwa ule mlio mpya. Vifaranga wa Tausi, badala ya kukimbia, walisimama kusikiliza, kwa jinsi ulivyokuwa mtamu. Mwewe akaondoka na mmoja.

"Mbona hukupiga kelele?" Tausi alimfokea Bata.

"Nimelia ulivyotaka wewe, kaka."

Tausi alikwenda kwa Bibi Kanga akiburuta mkia, macho chini. "Bibi, turudishie ule wa zamani."

"Haya," alisema bibi. "Anza wewe, wakusikie."

Mbele ya ndege wote, Tausi akafumba macho, akapanua mdomo, akalia: "Kraa!"

Hata leo ndivyo anavyolia, na hakuna anayelia vibaya kumshinda.