Picha ya Raphaeli

Mume wangu Raphaeli alifariki Kibaha, akiwa kazini, akipiga picha za shamba la ujamaa. Kamera yake ililetwa nyumbani Kibuta ikiwa na filamu ndani.

Aliwapiga picha watu wote, lakini yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja. Jumapili kabla hajaondoka alinipa kamera. "Zungusha lenzi mpaka sura yangu itulie, kisha bonyeza." Nikampiga picha.

Tulipoanua matanga, vitu vyake viligawiwa. Kamera alipewa kaka yake mkubwa. Akaigeuzageuza, akashika kitufe cha pembeni.

"Shemeji, usifungue. Raphaeli yumo humo."

"Basi tumwone wote," akajibu. Wazee wakacheka kidogo.

Nilijua filamu hurudishwa kwanza kwenye mkebe wake, la sivyo mwanga unaiunguza. Nikanyoosha mkono niichukue.

Mfuniko ukafunguka. Filamu ilikuwa ya kijivu, laini, ikijikunja vidoleni mwake. Akaivuta yote, akaiinua juani.

"Mbona simwoni?"

Sasa mwanetu akiuliza baba yake alikuwa na sura gani, namwonyesha baba yake mkubwa.