Tochi ya Betri Moja

Siku hizi kila kaya ina haki ya betri za kuchaji kwa idadi ya watu wake, na ya marehemu hurudishwa siku ya arobaini. Bi Somoe alirudisha ya mumewe dukani, kisha, kwa mazoea, akaomba tochi ya betri mbili.

"Bibi, umebaki peke yako," muuzaji alimwambia kwa upole. "Chagua hizi za betri moja."

"Hii inamulika hatua ngapi?"

"Ishirini. Chumba kizima kitang'aa."

"Na hii?"

"Thelathini. Hakuna kali zaidi."

Bi Somoe akairudisha mezani. Kutoka kibarazani kwake hadi kaburini, pale chini ya mkorosho, ni hatua hamsini.

"Mume wangu alikuwa anaogopa giza," alisema.