Uso wa Mke wa Afande

Afande Rolón aliubusu uso wa mbao wa marehemu mkewe kwenye paji, na Petrona ikabidi ang'ate mdomo asije akacheka.

Maana hakuwa mkewe hata kidogo. Alikuwa Eligio, kaka yake Petrona, aliyechukuliwa na afande huyohuyo mwaka sabini na saba, enzi za udikteta, asionekane tena. Mama yao alikufa akiulizia hata mfupa mmoja wa kuzika.

Petrona alikuwa fundi wa picha za kupapasa pale jijini Asunción. Wasioona walimletea picha za harusi, za watoto, mashine ikazichonga kwenye ubao wa mwerezi, naye akamalizia kwa patasi na msasa. Siku mama Blásida, mtunzaji wa afande, alipoleta picha ya mke na kueleza kwamba mzee kisukari kimemla macho, Petrona alilisoma jina la Rolón mara mbili. Kisha akachonga nywele na hereni za mke, na katikati yake akauweka uso wa Eligio.

Blásida hakuwahi kumwona huyo mke, angejuaje? Na mzee je? Petrona hakuwa na wasiwasi. Siku ya kukabidhi, fundi humshika mteja kidole na kumtembeza: hili jicho, hii pua, huu mdomo wa mama. Mafundi husema vidole huamini vilichoambiwa. Mara ngapi Petrona ameona watu wakilia kwa furaha juu ya ubao alioukosea!

Baada ya busu lile, mzee aliviacha vidole vyake kwenye kidevu cha ubao muda mrefu.

"Fundi, jina lako nani vile?"

"Petrona Otazú, afande."

"Otazú wa kule Luque?"

"Akina Otazú tuko wengi, afande. Ukirusha jiwe lazima umpate mmoja."

Mzee akacheka, akaukumbatia ubao.

Tangu hapo Petrona akawa anakwenda kila Jumamosi, eti kuupaka ubao mafuta usipasuke. Mafuta gani! Alikwenda kujionea. Mzee yule mbwa alimpapasa Eligio mashavu, akamwita mpenzi, na Petrona moyo ukamsuuzika.

"Tangu uulete huo ubao mzee kafufuka," Blásida alimwambia, akimmiminia tereré, chai yao ya baridi. "Anakula, analala nao. Juzi kaniomba medali zake za polisi, kauvisha!"

"Mapenzi hayo, mama."

"Mapenzi? Mwenzangu, huyo mke wakati wa uhai wake walikuwa hawasemezani, majirani wote wanajua."

"Basi anajuta," Petrona alisema. Malipo ni hapa hapa duniani.

Lakini kucheka kimoyomoyo hakukumtosha. Alitaka mzee ajue. Ila si sasa, asije akapata nafasi ya kuutupa ubao na kusahau. Alimwekea sentensi moja tu, ya kumwambia sikioni wakati roho inatoka: uliyekuwa ukimbusu ni Eligio Otazú. Afe nayo. Azikwe nayo. Petrona aliifanyia mazoezi sentensi hiyo akipiga msasa, akioga, akingoja basi.

Mwezi wa Agosti, adhuhuri, Blásida akapiga simu.

"Njoo upesi. Padri keshatoka. Mzee anakuulizia wewe."

Petrona alikimbia na aproni yake, vumbi la mbao limemjaa nywele. Alimkuta mzee kitandani, kabaki mifupa, ubao juu ya kifua. Petrona akamwomba Blásida akalete maji. Mlango ulipofungwa, aliinama hadi mdomo wake ukagusa sikio la mzee. Furaha yake hakuionea haya. Akavuta pumzi.

Mzee akamtangulia.

"Eligio umemchonga vizuri," alinong'ona, kidole kikipanda pua ya ubao polepole. "Ila hapa parekebishe, fundi. Mimi nilimwacha pua imevunjika."