Rula ya Angani

"Umekigusa tena kioo!"

Fundi wa darubini aliweka kikombe chini. "Kioo kile nakifuta kwa unyoya, dada. Hata mke wangu simbembelezi hivyo."

Binti mpima nyota hakucheka. Nyota yake ilikuwa imeongeza mwanga tena kwa saa tatu, kisha ikatulia kama si yeye. Kila siku ya tisa. Nyota haifanyi mzaha wa ratiba. Mtu ndiye hufanya.

Upimaji wenyewe hauna uchawi. Unaipiga picha nyota yako pamoja na jirani yake asiyebadilika, unalinganisha. Wingu jembamba likipita linawafunika wote wawili, hesabu haiyumbi. Jirani huyo alichaguliwa na shangazi, mkuu wa kituo, aliyemtoa binti huyo masomo ya jioni akampa kazi, akiwa bado na mtoto mgongoni.

"Huyu ametulia, mwanangu. Mng'ang'anie huyu huyu."

Miaka miwili alimpelekea namba. Shangazi alizipokea zote, akatikisa kichwa. "Mkono wako bado mzito. Rudia." Akarudia. Na leo mchana bodi ingeamua abaki au afungashe virago.

Akaenda kushtaki. "Shangazi, fundi ananihujumu."

"Pole, mama. Niachie mimi."

Kufikia saa nne fundi alikuwa amenyang'anywa funguo. Alipita mlangoni na sanduku la vifaa kwapani, wala hakugomba. "Dada, umepima kila kitu. Rula yenyewe umewahi kuipima?"

Alitaka kumjibu ovyo. Badala yake akarudi kwenye picha zake, akachagua majirani wengine watano, akaanza hesabu upya. Nyota yake ikanyooka kama uzi. Haikuwa imeongeza mwanga hata chembe. Jirani ndiye aliyekuwa akififia!

Mkono wake haukuwa mzito. Alikimbia koridoni, karatasi kifuani, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja. Kwanza amwambie shangazi, kisha wamrudishe fundi.

Ukumbi ulikuwa umejaa wageni na kamera. Ukutani ilimulikwa nyota ile ya jirani, na chini yake mstari uliobonyea kila siku ya tisa.

"Kuna sayari inapita mbele yake," shangazi alikuwa akisema kwenye kipaza sauti. "Nimeifuatilia peke yangu, kimya kimya, miaka miwili."